Mbwa wa ndani naye achanjwe

Mkuu, umeuliza kama mbwa wako wa miezi 2 hapo Uyole anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa wakati hatoki getini. Anahitaji. Paka huruka ukuta, mbwa wa mtaani hupenya. Akitimiza miezi 3 muone afisa mifugo wa kata, kisha rudia kila mwaka. Dai cheti ukitunze. Mbwa aking'ata mtu, utaulizwa hicho kwanza.

Mimi nilichelewesha, wangu akamng'ata mtoto wa jirani. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, tukakimbilia hospitali akaanza sindano. Mbwa akafungiwa siku 10 akiangaliwa. Alibaki mzima, lakini siku zile sikulala.