Kuunda na kubana faili la Access kwa msimbo

Ndugu, umeuliza kama programu yako inaweza kuunda faili la .mdb (faili la hifadhidata la Access, programu ya Microsoft) bila kufungua Access. Inaweza. Ita fanksheni SQLConfigDataSource iliyomo kwenye odbccp32.dll, maktaba ya Windows ya ODBC (njia ya programu kuwasiliana na hifadhidata); ipe amri ODBC_ADD_DSN, jina la dreva "Microsoft Access Driver (*.mdb)", halafu CREATE_DB=C:\data\duka.mdb General (General ni mpangilio wa herufi). Ikirudisha 0, yaani imeshindwa, fanksheni SQLInstallerError itakueleza sababu.

Ukifuta rekodi, faili halipungui ukubwa, na ukubwa wake wa juu kabisa ni GB 2. Libane, yaani lipunguze ukubwa, kwa kuweka COMPACT_DB mahali pa CREATE_DB: taja faili la zamani, kisha jipya. Kabla ya kubana funga miunganisho yote na, nakuomba sana, weka nakala pembeni. Dreva hiyo ni ya biti 32 tu. Programu ya biti 64 haitaiona.