Marando yamejaa shamba, chini hakuna kitu!

SWALI: Bwana shamba habari za kazi, mimi niko Mkuranga, nilipanda viazi vitamu nyuma ya banda la kuku, mbolea ipo ya kumwaga, na marando yamefunika kila kitu mpaka majirani wanakuja kuchuma matembele. Sasa mwezi wa nne huu tangu nipande nimefukua tuta moja nakuta mizizi myembamba tu kama kamba za viatu. Nimeuziwa mbegu mbovu, au hao majirani ndo wameniua?

JIBU: Pole dada, ila majirani waache kwanza. Kiazi kitamu ni mzizi ulionenepa, sio shina kama kiazi mviringo, na mizizi yenyewe inatoka kwenye vile vifundo vya rando ulivyofukia. Yote inaanza myembamba hivyo hivyo, halafu ndani ya wiki chache za mwanzo inagawana njia, mingine inaanza kujaza wanga na kunenepa, mingine inakuwa migumu ya nyuzi nyuzi, na ukishakuwa mgumu ndo basi tena, hauwi kiazi hata uusubiri mwaka mzima. Kata mmoja utaona mwenyewe, kisu kinakwama kama kwenye kuni.

Kwako mimi naona tatizo ni hiyo mbolea. Ya kuku ina nitrojeni nyingi mno, mmea ukishiba hivyo unakimbilia majani na chini hapapati kitu. Udongo ulioshindiliwa au unaotuamisha maji nao unaleta shida hii hii, maana mzizi unataka hewa, na sehemu ambazo kuku wanashinda huwa ngumu kweli. Mbegu siwezi kuiapia, ila kabla hujang'oa zote fukua tuta lililo mbali kabisa na banda, huko huenda ukakuta viazi.

Matembele chumeni ila kwa kiasi, rando likinyofolewa kila siku viazi vinapungua kweli.

Msimu ujao hapo nyuma ya banda weka mchicha. Viazi vipeleke kwenye udongo wa kichanga, inua matuta marefu yaliyolainika, kata marando ya nchani sentimita 30 hivi, fukia vifundo kama vitatu vinne, na palizi usichelewe. Tuta likianza kupasuka rudishia udongo haraka, fukuzi, yule mdudu anayetoboa viazi, anapita kwenye nyufa hizo hizo kwenda kutaga kwenye kiazi.