Hesabu saa kabla ya kuhesabu taa

Kazi yangu ya kwanza ya kubadilisha taa ili kuokoa umeme ilikuwa kwenye jengo la ofisi la ghorofa nyingi, lenye maegesho ya magari chini ya ardhi. Nilizunguka wiki nzima na daftari, nikahesabu kila tyubu, kila balbu, kila taa ya ngazi. Nikapeleka jedwali langu kwa fundi mkuu. Akalipitia, kisha akauliza, "Hizi zinawaka saa ngapi kwa siku?" Sikuwa na jibu. Akanirudishia daftari, nikaanza upya, safari hii usiku.

Wewe unayeingia kwenye kazi hii, anzia pale nilipolazimika kurudi. Wati zimeandikwa kwenye taa, lakini saa hazijaandikwa popote. Chukua tyubu ya fluoresenti ya futi nne, ile ya wati 36. Ikiwa na balasti ya zamani ya sumaku, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu, inakula karibu wati 45. Weka LED ya wati 16 mahali pake, umeokoa wati 29. Ofisini, ambako taa huwaka kama saa 2,500 kwa mwaka, hizo ni kilowati-saa 72 hivi. Tyubu hiyohiyo ikiwa kwenye maegesho yasiyoona jua huwaka saa 8,760, mwaka mzima bila kupumzika, na unaokoa 254. Taa ni ileile na jasho la fundi ni lilelile, ila faida ni mara tatu na nusu. Ndiyo maana nawaambia wenye majengo tuanze chini, kwenye maegesho, ngazi na korido, hata kama wao wanatamani tuanze na ukumbi wa mapokezi ambao wageni wanauona.

Saa hizo hutazipata kwa meneja. Atakwambia taa huzimwa saa kumi na mbili jioni, naye anasema anachokiamini, maana ndio wakati anaoondoka. Waulize walinzi na wanaofanya usafi. Mama mmoja aliyekuwa akisafisha usiku ndiye aliyenionyesha kwamba ghorofa nzima ilikuwa kwenye swichi moja: akitaka kufagia pembe moja, lazima awashe yote. Hapo taa mpya zingepunguza hasara tu. Kilichohitajika ni kuigawa saketi, na kuitenga safu ya taa zilizo karibu na madirisha ili mchana safu hiyo izimwe peke yake.

Sheria nazo zinatusukuma huko. Chini ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Geneva mwaka 2023 ulikubaliana kuziondoa tyubu za fluoresenti, ambazo zina zebaki ndani, kufikia 2027, na Umoja wa Ulaya ulishafunga soko lake kwa tyubu mpya za fluoresenti za T5 na T8 (herufi na namba hizo ni za unene wa tyubu) tangu Agosti 2023. Hizo zinahusu taa yenyewe. Zipo nyingine zinazohusu jengo zima. Sheria Namba 97 ya jiji la New York, iliyopitishwa 2019, imeweka ukomo wa hewa ukaa kwa majengo mengi yanayozidi futi za mraba 25,000, kuanzia 2024, na ukomo huo unabanwa zaidi 2030. Hewa ukaa hiyo hukokotolewa kwa nishati ambayo jengo limetumia, kwa hiyo sheria ya namna hii inasoma umeme uliotumika kweli. Jengo lenye LED zinazowaka usiku kucha bila mtu halitaponea kwenye risiti za manunuzi.

Kabla hujashusha chochote darini, pima mwanga. Kiwango cha Ulaya cha EN 12464-1 kinataka luksi 500, yaani kipimo cha mwanga unaofika mahali, mezani kwa kazi ya kusoma na kuandika, na 100 kwenye korido. Nimekuta korido zenye mwanga kama wa chumba cha upasuaji, na madawati ambayo watu walikuwa wakikunja macho kusoma. Ukibadilisha taa moja kwa moja bila kupima, unaurithi upungufu wote wa aliyekutangulia.

Sasa niseme ya waya, kwa sababu ndiyo yaliyoniumiza. Dreva za LED, vile vifaa vinavyoipa LED umeme unaoifaa, zinapowashwa huvuta mkondo mkubwa sana kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Mimi niliona wati zimepungua, nikakusanya taa nyingi kwenye laini moja. Asubuhi ya kwanza zilipowashwa zote pamoja, breka ikakata, na ikaendelea kukata kila asubuhi hadi tulipozigawa. Mtengenezaji huandika idadi ya dreva zinazoruhusiwa kwa kila breka. Isome kabla ya kuchora, usingoje breka ikufundishe.

Ukiondoa balasti ukapeleka umeme moja kwa moja kwenye tyubu ya LED, bandika kibandiko ndani ya taa kueleza ulichofanya, maana siku moja mtu mwingine atapanda na tyubu ya zamani mkononi. Chunguza pia taa zenye betri ya dharura. Betri iliyotengenezewa fluoresenti huenda isiiwashe LED uliyoweka, na hutajua hadi umeme ukatike watu wakiwa ngazini. Izime laini, simama gizani, ujionee mwenyewe. Tyubu za zamani zifungwe vizuri na zipelekwe kwa wanaoshughulikia zebaki. Usiziache zivunjwe kwenye pipa, kuna vijana wanaolibeba pipa hilo kwa mikono yao.

Halafu rudi baada ya miezi michache. Niliporudi kwenye jengo lile, nilikuta sensa kadhaa, vile vifaa vinavyowasha na kuzima taa kwa kuhisi watu, zimezibwa kwa karatasi ya gundi na taa zinawaka moja kwa moja. Nilitaka kukasirika, lakini mhasibu mmoja akaniambia kwamba akikaa kimya akipiga hesabu, taa humzimikia kila baada ya dakika tano, na lazima apunge mikono hewani. Sensa zile huhisi mwendo, na yeye kazi yake ni kutulia. Tukaongeza muda hadi dakika ishirini, tukaisogeza moja iliyokuwa imejificha nyuma ya kabati, na gundi akaibandua mwenyewe.