Mpya au mtumba? Mimi naangalia nitaiuzaje

Mmeuliza wiki hii: tunanunua gemu mpya au za mtumba, na bei ya haki ni ipi? Mimi niko Mombasa, mashine yangu ya gemu, PlayStation 5 (PS5), ni ile yenye sehemu ya diski, na nanunua mtumba. Mpya ni mara mojamoja.

Mwaka jana nilijipinda nikanunua gemu mpya mjini, shilingi 8,500, bado iko kwenye nailoni. Nikaicheza wiki tano mpaka mwisho, nikairudisha kwa muuzaji yuleyule. Akaichomoa kwenye kava, akaiinamisha chini ya tochi ya simu kutafuta mikwaruzo, akanihesabia 4,500. Kumbe gemu ilinigharimu 4,000 tu. Ndiyo maana bei ya diski mpya sigombani nayo sana: ndani yake mna haki ya kuiuza.

Kinachoniudhi ni gemu hiyohiyo kuuzwa mtandaoni, ya kupakua, kwa bei ileile. Haina kava, haina meli, haina kodi ya duka, na ukishailipia umefungwa nayo. Huwezi kuiuza, huwezi kumwazima shemeji. Tangu PS5 itoke Novemba 2020, gemu kubwa zimepanda kutoka dola 60 hadi 70, na 2025 kampuni ya Nintendo ikatoa gemu yake ya Mario Kart World kwa 80. Kwangu mimi, gemu ya kupakua ingeuzwa bei ya diski, ukitoa kile ambacho ningepata kwa kuiuza. Hapo tungeelewana.

Mwaka 2013 Microsoft walitangaza masharti ya kubana gemu za mtumba kwenye mashine yao ya Xbox One. Wachezaji wakawaka, na Juni mwaka huohuo kampuni ikarudi nyuma. Siku hizi hakuna haja ya kukataza kitu: wanakuuzia mashine isiyo na tundu la diski, kwa bei nafuu kidogo, nawe unashukuru.

Mtumba nao una yake. Niliwahi kuchukua diski safi kabisa, kumbe ni ya soko la Ulaya. Kenya haina duka lake la mtandaoni la PlayStation, kwa hiyo wengi wetu tunafungua akaunti za nje, na yangu ni ya Marekani. Gemu ilicheza vizuri, lakini nyongeza ya gemu niliyoinunua kwa kadi ya dola kwenye akaunti hiyo haikukubali kuingia, maana diski ni ya Ulaya na nyongeza ni ya Marekani. Hela ikaenda hivyohivyo. Sasa kabla sijalipa nasoma namba zilizo ubavuni mwa kava, nijue diski ni ya soko gani.

Watasema mtumba unamnyima mtengenezaji. Ni kweli, kwenye mauzo ya pili hapati hata senti. Lakini zile 4,500 sikununulia unga. Niliongezea nikachukua gemu nyingine mpya. Na studio ndogo zinazouza gemu za kupakua kwa dola 15 au 20 nazilipia zote, bila kungoja punguzo, maana hiyo ni bei ya mtu anayejua huwezi kuiuza tena.

Gemu ya mpira wa miguu, inayotoka upya kila mwaka, ndiyo ya kuwa macho nayo. Iuze Julai, kabla toleo jipya la Septemba halijaishusha. Mwaka juzi nilizubaa mpaka Oktoba. Muuzaji akanipa mia tano, kisha akauliza kama na kava ninayo.