Rangi za Kupaka za Hollywood

SWALI: Kwa nini filamu za kihistoria za zamani zilimpaka Mzungu rangi acheze Mwarabu au Mwafrika? Waigizaji wengine hawakuwapo? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Walikuwapo. Tatizo la kwanza ni Kanuni ya Hays, masharti ya maadili ya studio za Hollywood, yaliyosimamiwa kwa ukali tangu 1934. Ilikataza kuonyesha mapenzi kati ya mweupe na mweusi, hivyo mpenzi wa nyota Mzungu naye akachezwa na Mzungu; kipengele hicho kiliondolewa 1956. La pili ni pesa: studio zilitaka jina la kuuza tiketi. Ndiyo maana John Wayne, wa sinema za makauboi, akafanywa Genghis Khan, mtawala wa Wamongolia, mwaka 1956. Kituko! Hugh Griffith, mtu wa Wales, alipakwa kahawia awe Mwarabu, Sheikh Ilderim, katika Ben-Hur (1959), na tuzo ya Oscar akaibeba.

Sasa tazama Spartacus (1960), filamu ya uasi wa watumwa dhidi ya Roma. Woody Strode, Mmarekani mweusi, ni Draba, mpiganaji Mwethiopia. Anamshinda Spartacus, mtumwa mwenzake, anakataa kumuua, anawavurumishia Warumi mkuki wa ncha tatu na kuparamia jukwaa lao. Crassus, mkubwa wa Kirumi, anamkata shingoni. Dakika chache tu, lakini uasi wote unaanzia hapo. Crassus huyo ni Laurence Olivier, ambaye mwaka 1966 alipakwa weusi acheze Mahdi, kiongozi wa kidini wa Sudan, katika Khartoum.