Kompyuta moja inakatika mtandao kisha inarudi yenyewe: tafuta kwanza inapokatikia

Mkuu, kama nyingine kwenye ruta hiyohiyo ziko salama, usianze kubadilisha vitu ovyo. Tatizo la kuja na kuondoka hudanganya: unagusa kitu, linatulia siku mbili, unadhani umelimaliza.

Kwenye Windows fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika ipconfig, usome Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta, tuseme 192.168.1.1. Fungua madirisha mawili ya cmd: moja andika ping -t 192.168.1.1, jingine ping -t 8.8.8.8 (seva ya Google kwenye intaneti). Ping huuliza tena na tena kama upande wa pili unajibu. Yaache hadi mtandao ukatike. Ruta ikiendelea kujibu huku 8.8.8.8 iko kimya, njia kati yako na ruta ni nzima, hitilafu huenda iko kwenye ruta yenyewe au mbele yake. Zote zikijibu lakini kurasa hazifunguki, angalia DNS (huduma inayobadili majina ya tovuti kuwa anwani za namba). Zote zikinyamaza, tatizo liko kati yako na ruta.

Zikinyamaza hivyo, kabla mtandao haujarudi, andika ipconfig tena. Wakati huo ndio wenye thamani kuliko yote, na wengi huupoteza kwa kuwasha upya mashine. Ukiona Media disconnected, muunganisho wenyewe umekufa: kebo, tundu au kadi ya mtandao. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake DHCP (huduma ya ruta inayogawa anwani) haikujibu. Ukikuta anwani yako ileile na bado kimya, ingia Event Viewer (kumbukumbu za matukio ya Windows), Windows Logs, System, utafute tukio namba 4199 la Tcpip: ukiliona, kuna kifaa kingine chenye IP (anwani ya mtandao) kama yako. Mara nyingi mtu ameandika anwani kwa mkono ndani ya zile zinazogawiwa na ruta.

Kwa waya, tazama kasi ya muunganisho. Gigabiti hutumia nyaya zote 8 za kebo. Mbps 100 hutosheka na 4 (namba 1, 2, 3 na 6). Kadi na ruta za gigabiti zikishuka hadi 100, shuku waya mmoja usiogusa vizuri, hasa kama kile kilimi cha plagi kimevunjika. Badilisha kebo, jaribu, ndipo ubadilishe tundu. Ukivibadilisha pamoja hutajua mkosaji ni nani.

Kukatika baada ya mashine kukaa bila kazi ni dalili ya kubana umeme. Device Manager, fungua kadi yako, Power Management, ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima. Kwenye Advanced zima pia Energy Efficient Ethernet kama ipo.

Wa Wi-Fi, fungua cmd kama msimamizi, andika netsh wlan show wlanreport. Inatengeneza ripoti ya siku 3 zilizopita yenye sababu ya kila kukatika. Na kama unakatika kila unapochomeka diski ya USB 3.0, usilaumu draiva: USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz. Isogeze diski mbali na antena, au hamia 5 GHz.