Kwa mnaoanza kuunda modeli za ukuaji wa bakteria

Wadogo zangu mnaotoka hisabati, karibuni. Wengi wenu mnafika na mlinganyo mkononi, mnatafuta data ya kuuvisha. Anzeni upande wa pili: nendeni maabara, kaeni na fundi sanifu asubuhi nzima, muone namba inavyopatikana.

Hicho mnachokiita "idadi ya bakteria" mara nyingi ni kiasi tu ambacho mchuzi wanamokuzwa bakteria umepoteza uangavu. Mashine inapitisha mwanga wa nanomita 600 na kupima uliozuiwa. Kipimo kikishapita 0.4 au 0.5 hivi, hakipandi tena sawia na seli. Usipozimua sampuli, mkunjo wa ukuaji kwenye grafu utalala mapema nawe utadhani chakula kimeisha. Seli zilizokufa nazo zimo humo humo. Halafu muulize fundi kama umeme ulikatika usiku. E. coli, bakteria wa utumbo anayetumika sana maabara, hujigawa kila dakika 20 hivi kwenye nyuzi 37 na chakula tele. Inkyubeta, kabati linalotunza joto hilo, ikizimika, kwa joto letu la Dar haachi kukua, anapunguza mwendo tu, kwa hiyo kwenye grafu hutaona kitu cha kukushtua. Utapata kasi ya chini na kuisingizia sukari, yaani chakula chao.

Mlinganyo wa Monod, unaohusisha kasi ya ukuaji na kiasi cha chakula, una vigezo viwili: kasi ya juu kabisa, na kiasi cha chakula kinachotoa nusu ya kasi hiyo. Hiki cha pili ndicho kinachosumbua. Kwenye chupa bakteria hushiba karibu muda wote, na njaa ikianza, inapita kati ya vipimo viwili. Kompyuta itakupa jibu hata hivyo, yenyewe haina aibu. Badilisha makisio ya kuanzia unayoipa. Kigezo kikirukaruka, ujue data haikibani. Dawa yake ni kupima kasi ya mwanzo kwenye viwango kadhaa vya sukari kidogo.

Kwenye maumbo ya makundi ya bakteria, picha zisiwatie wazimu. Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni, kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) ngumu yenye virutubishi haba hutoa matawi. Modeli ya Witten na Sander ya mwaka 1981, ya chembe zinazotangatanga na kunasa, nayo hutoa matawi, na haikutungwa kwa ajili ya viumbe hai. Kufanana peke yake hakutoshi. Iambie modeli yako ibashiri kitakachotokea agari ikilainishwa au chakula kikiongezwa, kisha linganisha na sahani ambazo haijawahi kuziona. Picha za sahani hizo mpe mwenzako akuwekee kabla hujagusa kigezo chochote.